Aibu Haimponyi Mlevi

Katika jamaa nyingi yumo mtu ambaye pombe imemshika. Ili kumponya, twatumia dawa iliyo karibu, nayo ni aibu: twamsema mbele ya wageni, twamlinganisha na nduguze, hata watoto humcheka. Yafaa tujiulize kama dawa hiyo yaponya.

Tupambanue kwanza majuto na fedheha. Majuto husema, "Nimetenda vibaya," na mtu hutafuta namna ya kutengeneza. Fedheha husema, "Mimi si kitu," na mtu hutafuta pa kujificha. Kwa mlevi, maficho yaliyo karibu ni chupa. Asubuhi fedheha imezidi. Jioni kiu imezidi nayo. Hapa Unyamwezi, nchi ya asali, aketiye na wenzake penye wanzuki huonekana na watu. Akifedheheshwa, haachi kunywa; huhamia kwenye gongo, gizani. Mcheza kamari naye humficha mkewe deni, kisha hucheza tena ili alilipe.

Mwaka 2013 wataalamu Daniel Randles na Jessica Tracy, wa Chuo Kikuu cha British Columbia nchini Kanada, walieleza uchunguzi wao juu ya watu walioacha pombe karibuni. Waliwatazama wakisimulia siku walipokunywa vibaya. Wale ambao miili yao ilionyesha aibu zaidi, mabega yameinama na kifua kimenywea, ndio walioelekea zaidi kuirudia pombe, tena kwa wingi.

Tukumbuke njia ya misafara, iliyotoka Bagamoyo ikapita Tabora hadi Ujiji. Mpagazi wa Kinyamwezi aliona fahari kuchukua mzigo wa ratili 60 au 70. Lakini aliyeugua akabaki nyuma peke yake alikuwa hatarini kwa njaa, wanyama na wanyang'anyi. Kumcheka hakukumfikisha kambini. Kumpunguzia mzigo na kwenda naye ndiko kulikomfikisha.

Basi tufanyeje? Kwanza, tuseme naye faraghani, akili yake ikiwa timamu, si usiku amelewa. Pili, tukatae tendo bila kumkataa mtu. Tusimlipie deni la pombe, wala tusimdanganyie bwana wake kazini kwamba ana homa. Kumficha nako ni kumdhuru, kwani mficha maradhi kilio humuumbua. Tatu, tumpeleke hospitali, maana aliyekunywa sana kwa miaka mingi akiacha ghafla aweza kupatwa na kifafa, hata kufa. Nne, tumkutanishe na mtu aliyekwisha kuacha. Chama cha Alcoholics Anonymous kilianza hivyo mjini Akron, Marekani, mwaka 1935: walevi wawili walisimuliana taabu zao, wala hakuna aliyemhukumu mwenziwe.

Kitubio nacho hufanywa kwa siri: dhambi hutajwa, mwenye dhambi hatangazwi. Na nyumbani mwetu iwe vivyo hivyo, ili ndugu yetu apate pa kusemea ukweli kabla hajatafuta pa kujificha.