Mirathi ya baba aliyekufa bila wosia

Swali: Baba wa familia ya Kasugho, teritwari ya Lubero, akifa bila wosia, nani anarithi, na madeni yanalipwaje?

Jibu: Mirathi nchini Kongo inaongozwa na Sheria ya Familia ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016. Kwanza kifo kiandikishwe kwa ofisa wa hali ya kiraia. Cheti chake ndicho msingi wa hatua zinazofuata.

Pasipo wosia, mrithi mkubwa kwa umri ndiye msimamizi. Akikataa, warithi huchagua mwingine. Msimamizi hukusanya mali, hulipa madeni, kisha hugawa kinachobaki. Mali iliyochumwa pamoja katika ndoa itenganishwe mapema, kwa maana nusu ya mjane si urithi.

Watoto, wake kwa waume, hupata robo tatu kwa mafungu sawa, wakiwamo waliozaliwa nje ya ndoa ambao baba aliwatambua akiwa hai. Robo iliyobaki hugawanywa kwa makundi matatu: mjane, wazazi, na ndugu wa marehemu; kila kundi hupata 1/12.

Mjane ana pia haki ya kutumia nyumba waliyoishi na vyombo vyake. Kumfukuza kwa jina la mila ni kuvunja sheria. Kinga yake huanza mapema: ndoa ya kimila iandikishwe, hati za shamba zihifadhiwe, na wosia uandikwe wote kwa mkono wa mwenyewe, utiwe tarehe na sahihi.