Mama mjamzito, udongo unaokula unakupunguzia damu

Leo tuzungumzie udongo unaoliwa na baadhi ya kina mama wajawazito, maarufu kwa jina la pemba.

Aliyelima mbugani, iwe Hanang au Mbulu, anaujua udongo mweusi unaovimba masika na kupasuka kiangazi. Udongo wa namna hiyo una matabaka membamba mno, mfano wa kurasa za kitabu. Maji yakiingia katikati, kurasa huachana; yakikauka, hushikana. Kurasa hizo pia zina tabia ya kunasa madini.

Mwaka 1977 wataalamu Brindley na Sempels walieleza namna ya kuzizuia zisifunge tena. Udongo huchanganywa na maji yenye chembe kubwa za aluminiamu. Chembe huingia kati ya kurasa, na udongo ukichomwa hugeuka nguzo. Nafasi zinazobaki wazi husaidia kuvunja mafuta mazito, na watafiti wanazijaribu kubebea dawa ili iachiwe mwilini kidogo kidogo.

Sasa zingatia, dada yangu. Udongo wa maabara husafishwa na hubebeshwa dawa kwa kipimo. Pemba ya sokoni huingia tumboni mikono mitupu, ikabeba inachokikuta. Ukimeza kidonge cha kuongeza damu kisha ukatafuna pemba, madini ya chuma yanaweza kunaswa na kutoka na choo. Utafiti wa Uturuki uliochapishwa mwaka 1968 ulionyesha hivyo. Zaidi ya hapo, udongo huweza kuwa na mayai ya minyoo au sumu. Utafiti wa mwaka 2014 kwenye maeneo ya wachimbaji wadogo wa dahabu hapa Tanzania ulikuta arseniki katika udongo wanaokula wajawazito.

Mwenye upungufu wa damu akitokwa damu wakati wa kujifungua, maisha yake huwa hatarini. Kwa hiyo:

1. Mweleze mhudumu wa kliniki kwamba unakula udongo, wala usione haya. Hamu hiyo yenyewe huweza kuwa dalili ya upungufu wa damu. Omba upimwe.

2. Meza vidonge kila siku kwa maji. Usimeze kwa chai, nayo hupunguza chuma.

3. Ukiona kizunguzungu, kuhema au weupe wa viganja, usisubiri tarehe ya kliniki.

Nanyi kina baba, msiwakaripie wake zenu. Wasindikizeni kliniki.