Shangazi, wote tumenyamaza

Shangazi, naishi Mbagala, nina watoto wawili. Niko kwenye kikoba cha akina mama 28, huu mwaka wa nne. Katiba yetu inasema mkopo usizidi mara tatu ya hisa za mtu, lakini mwenyekiti amempa shoga yake mara tano. Kikaoni aliuliza kama kuna mwenye neno, wote tukaitikia sawa. Tulipotoka nje, kila mtu ananung'unika. Nikisema peke yangu nitaitwa mchochezi. Mama yangu ni mgonjwa. Likinifika la kunifika, nani atakaa nami mkekani? Mume wangu anataka nijitoe. Nifanyeje?
Mama Wawili, Mbagala

Mwanangu, nianze na hilo la mkekani, maana ndilo lililokufunga mdomo. Kikoba kwa jina ni cha fedha, lakini hao ndio wanaokuja na sufuria zao ukipata msiba, ndio wanaokushika mkono mwanao akiolewa. Kuogopa kuwapoteza si udhaifu. Anayekwambia "sema tu" hajui unachokiweka rehani.

Ila usiseme wote walikubali. Umesikia mwenyewe walivyosema nje. Kila mmoja aliwatazama wenzake, akaona wametulia, akadhani mwenye shaka ni yeye peke yake.

Mwaka 1951 mwanasaikolojia wa Marekani, Solomon Asch, alichapisha matokeo ya jaribio lake la kwanza kuhusu jambo hili. Aliwapa wanafunzi wa chuo kazi ambayo hata mtoto angeiweza: kutaja mstari upi kati ya mitatu unalingana kwa urefu na mwingine waliooneshwa. Kumbe kila kundi lilikuwa na mtu mmoja tu asiyejua kitu. Wengine walikuwa wamepangwa kutaja jibu la uongo. Katika majaribio hayo, robo tatu hivi ya waliopimwa waliufuata uongo walau mara moja, huku macho yao yakiona ukweli. Sasa sikiliza hili: alipowekwa mtu mwingine mmoja tu anayesema kweli, kufuata mkumbo kulipungua mno. Na aliyeruhusiwa kuandika jibu lake badala ya kulitamka alijisimamia zaidi.

Kwa hiyo usisimame peke yako. Tafuta mama mmoja anayeheshimika, pengine mmoja wa wale wanaoshika funguo za sanduku. Mwendee nyumbani kwake. Usimtumie ujumbe wa sauti, utasambaa kabla ya magharibi. Muulize tu ameuonaje ule mkopo, kisha umwache aseme.

Kikaoni usimtaje yule shoga. Sema, "Mwenyekiti, tunaomba katibu atusomee kifungu cha mikopo." Hakuna anayeweza kukuita mchochezi kwa kuomba katiba isomwe. Mwenzako aunge mkono palepale, kimya kisipate nafasi ya kutanda. Halafu pendekezeni kwamba mtu akiomba kuzidishiwa mkopo, ipigwe kura ya karatasi za kukunja, si ya kuitikia kwa mdomo.

Na hayo manung'uniko ya nje, wewe yaache leo. Yanampa mwenyekiti nguvu, kwa sababu hayamfikii. Yeye alichosikia ni "sawa" za watu 27. Huenda hata anaamini mmemuunga mkono kwa moyo.

Mumeo anakuonea uchungu, lakini sikubaliani naye. Ukijitoa katikati ya mzunguko unaweza kukosa gawio, na wenzako watabaki na shaka ileile, wakiwa wamepungua mmoja. Subiri hadi mtakapovunja kikoba. Kama kifungu kitakuwa bado kinakanyagwa, chukua chako, waage kwa heshima, na misibani uendelee kwenda.

Yule shoga akishindwa kurejesha, zitakazopotea ni hisa zenu nyote, za mwenyekiti zikiwemo. Mwendee mwenzako wiki hii, kabla ya kikao kijacho.