Aliyeachiwa kwa Kesi ya Ugaidi Ana Haki Gani Kijijini?

Tuseme kijana wa Kashozi alikamatwa kwa tuhuma za ugaidi, akasota mahabusu, kisha akaachiwa na kurudi kwenye kibanja cha baba yake. Gazeti linachapa picha yake na kumwita gaidi. Mwenyekiti wa kitongoji anamwamuru aripoti kwake kila Ijumaa.

Yote mawili ni makosa. Ibara ya 13(6)(b) ya Katiba inakataza mtu aliyeshtakiwa kutendewa kama mkosaji kabla hatia haijathibitika, na wa kuithibitisha ni mahakama, si mhariri wala mkutano wa kijiji. Mwenyekiti hana mamlaka ya kumwekea raia masharti ya kuripoti. Ibara ya 17 inampa raia uhuru wa kwenda na kuishi popote nchini.

Mkoa wetu wa Kagera unalijua jambo hili. Machi 2013 mwanasiasa Wilfred Lwakatare alishtakiwa kwa ugaidi, kosa lisilo na dhamana. Mei mwaka huohuo Mahakama Kuu ikayafuta mashitaka ya ugaidi, na shitaka lililobaki likawa na dhamana. Mwaka 2015 wapiga kura wa Bukoba Mjini wakamchagua kuwa mbunge. Walifanya sawa kutomhukumu kwa tuhuma.

Yaliyomkuta Suleiman Abdullah Salim ni mazito zaidi. Mtanzania huyu, mvuvi, alikamatwa Mogadishu mwaka 2003, akateswa katika gereza la siri la CIA, kisha akafungwa Bagram, Afghanistan. Aliachiwa 2008 bila kushtakiwa kwa lolote, akarudi Zanzibar na karatasi ya jeshi la Marekani inayosema si tishio. Hakuishia hapo, alikwenda mahakamani. Mwaka 2015, pamoja na wenzake, aliwashtaki huko Marekani wanasaikolojia wawili waliobuni mbinu zile za mateso. Agosti 2017 kesi ikaisha kwa suluhu.

Kwa hiyo ukiachiwa, dai hati yako ya kuachiwa, na uisome inasema nini. Mahakama ikikuona huna hatia, huwezi kushtakiwa tena kwa kosa lilelile. Mkurugenzi wa Mashtaka akiondoa kesi, kama alivyofanya kwa masheikh wa kundi la Uamsho la Zanzibar Juni 2021, hilo peke yake halizuii kushtakiwa upya. Lakini hata hapo huna hatia, na asikudanganye mtu.

Gazeti linaruhusiwa kuandika kwamba ulishtakiwa, mradi liseme pia kwamba uliachiwa. Likikuita gaidi, hifadhi nakala, mwandikie mhariri ukidai masahihisho, kisha peleka malalamiko Baraza la Habari Tanzania. Mlango wa kesi ya madai ya kashfa nao uko wazi.

Kama uliteswa, usingoje makovu yafifie. Chukua fomu ya polisi ya PF3, nenda hospitali, kila alama iandikwe. Ibara ya 13(6)(e) inakataza mateso bila kubagua kosa, hata liwe ugaidi. Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora hupokea malalamiko bure, na Ibara ya 30(3) inakupa haki ya kufungua shauri Mahakama Kuu, ambayo kwetu ipo hapo Bukoba mjini. Asiye na uwezo wa kumlipa wakili amtafute msaidizi wa kisheria, kwa Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017.

Nanyi wazazi, mtoto akirudi, msimwache asaini karatasi yoyote ya mtendaji au polisi kabla hajasomewa na mtu anayeijua sheria.