Difu ya mtumba kwa Land Rover ya zamani

Swali: Land Rover yangu ni Series III fupi ya 1974. Difu ya nyuma imekufa, nimepata ya mtumba. Nitajuaje kama inafaa?

Jibu: Anza na uwiano, hapo ndipo wengi huumia. Difu ya Series ni 4.7, ya Range Rover za zamani ni 3.54, nayo huingia palepale. Zungusha flenji ya pinioni ukihesabu: krauni imalize mzunguko mmoja pinioni ikikaribia mitano. Ikiwa mitatu na nusu, iache kabisa. Difu ya mbele itabaki 4.7, hivyo ukiunganisha magurudumu ya mbele kwenye lami, ekseli zitavutana hadi kitu kivunjike.

Kisha futa oili, upitishe ukucha kwenye meno. Mng'aro laini hauna neno. Vishimo au ncha iliyomeguka, usinunue hata kwa bei ya bure. Pinioni ikicheza mbele na nyuma, shuku beringi, na hizo hubadilishwa.