SOMO LA WIKI: MIZANI YA KWELI BAADA YA TALAKA

Soma: Mambo ya Walawi 19:35-36, 1 Timotheo 5:8

Wapendwa, kanisa litaendelea kuombea ndoa zisivunjike. Lakini wako kati yetu ambao talaka imeshatoka, na wanauliza: nitaishi na nini? Mwingine anauliza: nitalipa ngapi? Neno linakataza mizani ya udanganyifu, na mizani si ya sokoni tu.

1. Sheria inasema nini?
Sheria ya Ndoa ya 2014, kifungu cha 77, inaruhusu mahakama kuamuru mtu amtunze mwenzake kesi ikiendelea, talaka ikitolewa, ama hata baadaye. Si mume peke yake. Mke mwenye uwezo pia anaweza kuamriwa kulipa. Amri inakoma anayetunzwa akifunga ndoa tena, ama akiweza kujitegemea. Usichanganye hii na matunzo ya watoto wala mgawanyo wa mali. Hizo ni hesabu zingine.

2. Hesabu inafanywaje?
Sheria haikuweka kiwango. Mahakama inapima mahitaji ya mmoja na uwezo wa mwingine, pamoja na umri, afya, miaka ya ndoa na nafasi ya kupata kazi.

Tuseme mama anahitaji kwa mwezi: nyumba 8,000, chakula 9,000, stima na maji 2,000, nauli 3,000, dawa 2,000. Jumla ni 24,000. Biashara ya mboga inamletea 11,000. Pengo ni 13,000.

Baba naye anabaki na 50,000 baada ya makato. Mahitaji yake ni 27,000, ya watoto 14,000. Kinachobaki ni 9,000. Kwa hivyo mama atarajie kitu karibu na 9,000, si zile 13,000 zote. Akidai 30,000, anajidanganya. Baba naye akisema hana hata elfu moja, anadanganya.

3. Hatari iko wapi?
Iko kwa kuficha. Huyu anaficha akiba ya Sacco na kodi ya ploti. Yule anaficha biashara yake. Na wote wawili wameapa! Kifungu cha 79 kinasema amri iliyopatikana kwa uongo inaweza kufutwa au kubadilishwa. Hata hali ikibadilika, kwa mfano umefutwa kazi, rudi mahakamani uombe ibadilishwe. Usinyamaze tu na kuacha kulipa, kwa maana deni linaendelea kupanda.

Ndugu, dada, ndoa inaweza kuisha, lakini ukweli wako mbele za Mungu haujaisha.

Fanya wiki hii: Andika mapato yako yote na matumizi yako yote. Weka stakabadhi pamoja. Kisha muone wakili kabla ya kutaja kiasi chochote.

Jiulize: Je, mwenzangu wa zamani akiisoma karatasi hii, atapata nimeficha nini?