Saratani ya Ngozi: Tazama na Wayo

Fulana zenye sura ya Bob Marley hazikosekani Bujumbura, iwe Bwiza, Buyenzi au Kamenge. Wachache kati ya wanaozivaa wanajua kwamba saratani iliyomuua tarehe 11 Mei 1981, akiwa na miaka 36, ilianzia kwenye kidole cha mguu. Ilikuwa melanoma, saratani ya ngozi, ugonjwa ambao wengi wetu tunadhani ni wa Wazungu.

Ili kuelewa saratani hii huanzaje, tuingie ndani ya seli. Humo mna maelfu ya jeni, na hazitumiki zote kwa wakati mmoja. Zipo protini ambazo kazi yake ni kuziwasha na kuzizima. Ziitwe protini za unukuzi. Mojawapo ni p53, iliyogunduliwa mwaka 1979. Jua likijeruhi jeni za seli, p53 huwasha zile za kuizuia seli isigawanyike mpaka itengenezwe. Ikishindikana, huiamuru ife. Tena huagiza mwavuli: ishara hutumwa kwa seli jirani za rangi, na humo protini nyingine ya unukuzi, MITF, huanzisha utengenezaji wa melanini, ile rangi inayozikinga jeni na jua.

Lakini hata jeni ya p53 yenyewe huunguzwa na jua. Ikiharibika, seli mbovu huzaana bila wa kuzikataza, na saratani nyingi za ngozi zitokanazo na jua huanza hivyo.

Kwa mwenye ualbino, agizo la mwavuli linafika vizuri, ila kiwanda cha melanini kina hitilafu ya kurithi. Mwaka 2008 mauaji ya watu wenye ualbino huko Ruyigi, hapa Burundi, yalitushtua sote. Jua nalo huwaua watu hawa, bila panga wala kelele. Kofia yenye ukingo mpana, mikono mirefu, kazi za shamba asubuhi na mapema au jioni: hayo yaanze utotoni. Moshi, Tanzania, hutengenezwa mafuta ya kujikinga na jua yaitwayo Kilisun, mahsusi kwa watu wenye ualbino. Losheni ya kawaida ya kulainisha ngozi haifanyi kazi hiyo. (Wanaotumia mkorogo wa kuchubua ngozi, kwa upande wao, wanalipa pesa ili wavuliwe mwavuli waliozaliwa nao. Mimi sijawahi kuielewa biashara hiyo.)

Kwa sisi weusi, melanoma hupenda mahali ambapo jua halifiki: wayo, kiganja, chini ya ukucha. Hapo jua si chanzo kikuu, na weusi wetu hautukingi. Katika baadhi ya melanoma, nakala za jeni ya MITF huongezeka kupita kiasi, na protini iliyokuwa ikilea seli za rangi ikageuka kuilea saratani.

Basi usiku ukiosha miguu, geuza wayo uutazame, au mwombe wa nyumbani akutazamie. Tafuta doa jeusi linalokua, lenye kingo zisizo sawa au rangi mchanganyiko, hasa likizidi milimita 6. Mistari myeusi myembamba kwenye kucha kadhaa ni kawaida kwetu. Wa kutiliwa shaka ni mstari mmoja unaopanuka au unaomwaga weusi kwenye ngozi iliyo kando ya ukucha. Usilikate doa kwa wembe wala kulichoma kwa dawa.

Kovu la moto na kidonda cha mguu cha miaka mingi navyo viangaliwe. Vikianza kuota nyama, kutoa damu au kunuka upya, huenda vimegeuka saratani. Kidonda chochote kisichopona kwa mwezi mmoja kipelekwe hospitali. Usiridhike na bandeji na vidonge tu: uliza kama kinahitaji kukatwa kipande kidogo cha nyama kikapimwe maabara. Nalo doa la kutiliwa shaka lipige picha kwa simu, sarafu ikiwa pembeni, na picha ya mwezi uliopita umwoneshe daktari.